Shakespeare na Ghala la Kimea

Wapo wahakiki wanaomweka William Shakespeare juu ya matabaka yote, kana kwamba aliandika akiwa mawinguni. Wapo pia ndugu zetu, hasa vijana wenye pupa ya kimapinduzi, wanaomtupa jaani kwa kuwa alikuwa mtumishi wa wafalme. Mwalimu Nyerere, alipotoa tafsiri yake ya mchezo wa mfanyabiashara wa Venice mwaka 1969 na kuuita Mabepari wa Venisi, hakumtupa mtunzi wala hakumsujudia. Jina hilo peke yake lilikuwa uhakiki. Swali la kwanza ni hili: mtunzi huyu alikula wapi?

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1572 iliwahesabu waigizaji wasiokuwa na bwana mkubwa wa kuwadhamini kuwa wazururaji, wa kuchapwa viboko. Ukabaila ulikuwa bado na rungu mkononi. Lakini mwaka 1576 James Burbage alijenga jumba la michezo ya kuigiza Shoreditch, nje ya mamlaka ya wakuu wa jiji la London, akatoza kiingilio. Hapo sanaa ikawa bidhaa. Mtu wa kawaida alilipa peni moja akasimama uwanjani. Mwenye nacho aliongeza, akaketi. Ndani ya vikundi vyenyewe nako kulikuwa na matabaka: wenye hisa waliogawana faida, waigizaji wa ujira, na wavulana wanagenzi walioigiza wanawake. Mtunzi wa kawaida alikuwa kibarua tu. Aliuza mchezo kwa paundi 6 hivi, na tangu siku hiyo ukawa mali ya kikundi. Thomas Dekker, mtunzi hodari, alikaa gerezani karibu miaka 7 kwa madeni.

Shakespeare alikuwa upande wa wenye hisa. Jumba la Globe lilipojengwa mwaka 1599, nusu ya umiliki ilikuwa ya ndugu wawili wa ukoo wa Burbage, na nusu ya waigizaji watano, yeye akiwemo. Tayari mwaka 1597 alikuwa amenunua New Place, mojawapo ya nyumba kubwa kabisa za Stratford, mji wa kwao.

Fundo liko hapa. Miaka hiyo mavuno yalikuwa mabaya mfululizo, na serikali ikaamuru nafaka iliyolimbikwa ihesabiwe. Katika orodha ya Februari 1598 Shakespeare yumo, na busheli 80 za kimea cha pombe. Majirani wengine walikuwa na zaidi, ni kweli. Lakini maskini hawakuweza kula hoja hiyo.

Miaka kama 10 baadaye aliandika Coriolanus. Mwaka 1607 wakulima wa Midlands, wakiwamo wa Warwickshire alikozaliwa, walikuwa wameinuka dhidi ya wakubwa waliozungushia ua ardhi ya wote. Mchezo unaanza na wananchi wa Roma wenye njaa, marungu mikononi, wakiwashtaki wakuu kwamba maghala yao yamefurika nafaka. Katika Plutarch, alikochota kisa hicho, ghasia ya kwanza inaletwa na dhuluma ya wala riba. Nafaka inafuata baadaye. Shakespeare ndiye aliyeisogeza mbele. Mwenye kimea alimpa mwenye njaa neno la kwanza jukwaani! Kisha kama vile akaliogopa: Menenius anawatuliza umma kwa hekaya ya tumbo na viungo, na watu waliokuwa na hoja wanageuzwa kuwa kundi la kuyumbishwa. Upungufu huo usifunikwe kwa sifa za ufundi. Lakini shitaka limekwisha kusikika, na hekaya ya Menenius hailijibu.

Katika maisha yake mwenyewe hakufika hata hapo. Mwaka 1614 mabwana ardhi walipotaka kuzungushia ua mashamba ya Welcombe, karibu na Stratford, yeye, aliyekuwa na hisa katika zaka za eneo hilo, aliandikiana na mtu wao mkataba wa kumfidia hasara. Mitaro ikachimbwa. Januari 1615 wanawake na watoto wa Stratford na Bishopton walikwenda wakaifukia.