Wepesi wa Kamera na Deni la Mwanga

Vijana wanaojifunza kupiga picha huuliza swali moja kabla ya mengine yote: je, kamera yafaa iwekwe wepesi mkubwa wa kuona mwanga, au mdogo? Waalimu wao aghalabu hujibu upesi kwamba mdogo ndio bora, na kwamba mkubwa ni kimbilio la mtu aliyechelewa au asiye na taa. Jibu hilo limekaririwa muda mrefu hata limepata heshima ya kanuni. Makala haya yanakusudia kulihoji. Na kwa kuwa hoja ya sanaa hupimwa vema mahali pamoja kuliko angani, mahali petu patakuwa Songea, mji unaokumbukwa katika picha kwanza kabisa kwa nyuso za mateka.

Yapasa tuelewane juu ya neno. Wepesi ni kipimo cha namna filamu au kamera inavyotosheka na mwanga mchache, nacho huandikwa kwa tarakimu. Zamani Wamarekani walikuwa na tarakimu zao za ASA na Wajerumani zao za DIN. Mwaka 1974 Shirika la Kimataifa la Viwango lilianza kuziunganisha, na tangu hapo twasema ISO. Tarakimu ikiongezeka maradufu, mwanga unaohitajika hupungua nusu. Penye kuhitajika sehemu moja ya 100 ya sekunde kwa ISO 100, sehemu moja ya 200 yatosha kwa ISO 200. Hesabu ni hiyo tu, wala haina siri.

Heshima ya wepesi mdogo ilizaliwa katika zama za filamu, na katika zama zile ilikuwa haki yake. Filamu huona kwa chembe za chumvi ya fedha. Chembe zikiwa kubwa hunasa mwanga upesi, lakini jicho huzitambua katika picha kama mchanga uliomwagwa juu ya uso wa mtu. Kodachrome, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935 na kukoma kutengenezwa mwaka 2009, ilipendwa kwa rangi na ulaini wake, na mojawapo ya matoleo yake yaliyosifiwa sana lilikuwa na wepesi wa 25 tu. Kwa upande wa pili, Tri-X, iliyotolewa kwa kamera za milimita 35 mwaka 1954, ilisamehewa mchanga wake na waandishi wa magazeti kwa sababu iliingia mahali ambapo nyenziwe hazikuweza kuingia. Basi mtu wa siku zile aliposema kuwa wepesi mdogo huleta picha safi, alisema kweli.

Kamera za leo hazina fedha ndani yake. Zina kihisio ambacho hakipokei mwanga zaidi kwa sababu tarakimu imegeuzwa. Kinachogeuka ni kiasi cha kukikuza kile kilichokwisha pokewa. Mchanga basi watoka wapi? Watoka katika uhaba wa mwanga wenyewe. Mwanga hufika kwa matone, mfano wa mvua inapoanza juu ya bati: bati hili limepata matone 12, la jirani 7, na hakuna aliyepanga iwe hivyo. Mvua ikizidi, tofauti hizo humezwa, na paa lote huwa limelowa sawasawa. Penye matone 100 tofauti za bahati hufika kama 10, yaani sehemu moja ya kumi. Penye matone 10,000 hufika kama 100, nayo ni sehemu moja ya mia tu. Kwa hiyo anayeilaumu tarakimu amlaumu mjumbe. Mpiga picha akipiga gizani kwa ISO 200 kwa kuogopa mchanga, kisha akaing'arisha picha yake mbele ya kompyuta, ataukuta mchanga ule ule unamngoja, na katika kamera kadhaa ataukuta umezidi.

Hayo ni ya ufundi, na mafundi wanayajua. Lililo letu sisi wasomaji wa picha ni jingine. Kila picha ina deni la mwanga, na deni hilo halifutwi na chombo chochote, huhamishwa tu. Wepesi ukiwa mkubwa, picha yenyewe ndiyo inayolipa: hupata mchanga, rangi hufifia, na vivuli hupoteza undani wake. Wepesi ukiwa mdogo, ilhali mwanga ni mchache, mara nyingi hulipa yule aliye mbele ya kamera. Huambiwa asitikisike. Huondolewa alipokuwa ameketi akapelekwa dirishani au juani. Humulikwa taa machoni. Wahakiki wetu wamezoea kuuliza picha ni safi kiasi gani. Ni nadra kuuliza usafi huo umelipiwa na nani.

Tuzitazame sasa picha za Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa Songea mashujaa zaidi ya 60 wa vita vile, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, aliuawa katika siku zizo hizo. Kaburi lao la pamoja lipo mjini, penye Makumbusho ya Majimaji. Katika vitabu vya historia hutolewa mara kwa mara picha ya mateka wa vita hivyo: safu ya wanaume waliofungwa mnyororo shingoni, na askari kando yao. Mtazamaji wa picha za miaka ile hugundua haraka kwamba nguo hunena kuliko nyuso. Kitambaa cheupe kina mikunjo yake. Uso mweusi aghalabu ni kivuli chenye nukta mbili za macho.

Sababu yake haikuwa uchache wa mwanga, maana juani bamba za wakati ule ziliweza kutosheka na sehemu ndogo ya sekunde. Sababu ilikuwa rangi ya mwanga. Bamba za kawaida ziliona buluu na zambarau, na zile zilizotengenezwa kwa uangalifu zaidi ziliongeza kijani. Wekundu hazikuuona hata kidogo. Ngozi nyeusi nayo hurudisha zaidi mwanga mwekundu kuliko ule wa buluu. Hivyo bamba lilikuwa pofu pale hasa ambapo uso wa Mngoni ulikuwa na la kusema. Ni katika mwaka ule ule wa 1906 ambapo Wratten & Wainwright wa Croydon, Uingereza, walianza kuuza bamba zenye kuona rangi zote, lakini bidhaa hiyo ilikuwa ngeni bado. Wala tusisahau namna ya kazi yenyewe: kamera ilisimamishwa juu ya miguu mitatu, na waliopigwa picha walitakiwa watulie. Waliofungwa mnyororo walikuwa wamekwisha kutulizwa. Sijui picha nyingine ambamo deni la mwanga lilikusanywa kwa nguvu namna hii.

Mtu atasema kwamba upofu huo ulikwisha pamoja na bamba. Haukwisha. Kwa miongo mingi maabara za Kodak zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, nayo mafundi wakaizoea kwa jina la Shirley. Ng'ambo ya mto Ruvuma, miaka michache baada ya Msumbiji kupata uhuru mwaka 1975, serikali ya huko ilimwalika mtengeneza filamu Jean-Luc Godard ashauri juu ya televisheni, naye husimuliwa kwamba aliikataa filamu ya Kodak kwa kuiona ina ubaguzi. Wako waliomcheka, wakasema filamu haina moyo wa kumchukia mtu. Mimi naona kicheko hicho hakikugusa hoja. Tarakimu iliyoandikwa juu ya boksi la filamu huahidi wepesi wa kuona bila kutaja ni uso wa nani uliotumiwa kuupimia.

Turudi Songea ya leo, mchana kwanza. Mji uko karibu nyuzi 10 na nusu kusini ya Ikweta, na kila mwaka kumbukumbu ya mashujaa huadhimishwa mwishoni mwa Februari. Wakati huo, kama mawingu yamepisha, jua la saa sita lipo takriban utosini. Paji la uso hung'aa, na macho huzama katika kivuli cha nyusi. Hapa wepesi mdogo ndio wenye haki, na kwa sababu iliyo nzito kuliko usafi. Kamera iliyowekwa ISO 100 huweza kushika kwa pamoja ving'avu na vivuli vilivyo mbali mbali. Kila tarakimu inapopandishwa, nafasi ile hupungua. Bibi arusi mweusi aliyevaa shela jeupe nje ya kanisa la abasia ya Peramiho ni mtihani uleule: anahitaji shela libaki na nakshi zake na uso wake ubaki na umbo lake. Mpiga picha aliyesahau kamera yake kwenye ISO 6400 mahali pale amemnyima kimoja kati ya viwili, na kwa desturi kinachoachwa kipotee ni uso. Katika hili waalimu wa wepesi mdogo nawaunga mkono bila sharti.

Jua likichwa, hoja hugeuka. Chukua ngoma ya usiku, iwe lizombe au nyingine, inayochezwa penye mwanga wa moto. Ili mguu wa mchezaji usigeuke ukungu, kamera haina budi kufungua kilango chake kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde. Na hata tundu la lenzi likipanuliwa hadi f/2.8, tarakimu itakayohitajika itakaribia 12,800. Mwalimu wa kale ataona haya kuandika tarakimu hiyo. Atatoa taa ya kumulika. Matokeo yake tumeyaona mara nyingi: watu walio mbele weupe kama chokaa, walio nyuma wamemezwa na giza, na moto, uliokuwa kiini cha mandhari yote, umekuwa doa la rangi ya chungwa lisilomwangazia mtu yeyote. Tena mchezaji amesita kwa kupofuka. Picha hiyo ni safi. Haina mchanga hata punje moja. Mimi ningeipendelea ile yenye mchanga, ambamo mwanga unatoka ulikotoka kweli.

Lakini sifa ya wepesi mkubwa nayo ina mipaka, na wauzaji wameivuka zamani. Mwaka 2016 Nikon D5 ilitangazwa kwa tarakimu ya 3,280,000, ambayo ni ya kujivunia kuliko kutumia. Simu zimekwenda njia nyingine: tangu Google ilipotoa Night Sight mwaka 2018, simu hupiga picha nyingi kwa mfululizo, kisha huziunganisha ziwe moja, hivyo hukusanya matone mengi ya mwanga pasipo kumulika mtu. Ni ufundi wa kusifiwa. Kasoro yake ni kwamba huupenda mwangaza kupita kiasi. Uwanja wenye moto mmoja hutoka kama uwanja wa magharibi, na usiku, ambao ulikuwa sehemu ya ngoma, haupo tena.

Kuna na jambo zito kuliko hilo. Nimesema kwamba wepesi mkubwa humwondolea gharama yule anayepigwa picha. Yafaa niongeze kwamba waweza kumtoza gharama nyingine asiyoijua. Katika msiba, ndani ya nyumba yenye taa moja, kamera nyepesi humchukua mfiwa machozi yakimtoka, bila sauti na bila mwako, naye asipate habari mpaka aione picha mikononi mwa watu. Taa ya kumulika, pamoja na ukorofi wake wote, ilikuwa na adabu moja: ilibisha hodi.

Kuhusu picha za mwaka 1906, deni lake haliwezi kulipwa sasa kwa tarakimu yoyote, kwa kuwa mwanga ambao bamba haukuuona haumo ndani yake. Lakini popote zinapotundikwa au kuchapwa, maelezo chini yake yangeweza kusema kwamba bamba za kawaida za zama zile hazikuona wekundu, ili mwanafunzi anayezitazama asidhani kuwa watu wale walikuwa vivuli hata machoni pa wake na wana waliowatazama siku ile.