Changa, Pevu, Mbivu: Nyanya Zinazokutwa na Baridi

Oktoba ikishaingia, wenye bustani wa Louisville, Columbus na Buffalo, huko Marekani, huwa na shida moja: mche umebeba, tunda limejaa, rangi haitaki kuja. Miongoni mwao wamo watu wa Kongo, Burundi na Somalia waliolima kwao kwa miaka mingi bila kukutana na adui aitwaye sakitu, ule umande unaoganda majanini alfajiri. Usiku mmoja tu wa sakitu kali, na bustani nzima inaamka ikiwa matambara meusi.

Ushauri unaosikika sana ni kuzichuma zote na kuzipanga dirishani zipate jua. Kwangu mimi, huo ndio ushauri mbovu kuliko wote. Kwanza, nyanya haihitaji mwanga ili iive. Pili, neno “zote” limechanganya vitu viwili. Wenyeji wa huko huziita kwa jina moja, nyanya za kijani, lakini Kiswahili kinatenganisha: kuna changa na kuna pevu, kabla hazijawa mbivu. Muuza madafu hawezi kukuuzia kitale akisema ni dafu; macho na kidole vyake vimeshaamua.

Kwa nyanya, anayeamua ni kisu. Chuma moja, ikate katikati. Ikiwa mbegu zimezungukwa na ute na zinateleza kukwepa makali, hiyo ni pevu, na zote zenye ukubwa na sura kama yake zitaiva ndani ya nyumba. Kisu kikipasua mbegu na nyama ikiwa kavu, hiyo ni changa. Utaiweka hata mwezi, itanywea tu. Kwa nje, pevu huanza kupauka na ngozi yake hung'aa. Changa ina kijani kizito.

Zile pevu ni za kuvundika, na hapa hakuna cha kujifunza upya kwa mtu aliyeona ndizi zikifukiwa shimoni na moshi ukipulizwa ndani. Moshi ule una ethilini, gesi inayoliambia tunda liive. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane alithibitisha kwamba tunda lenyewe hutoa gesi hiyo. Nyanya pevu ina uwezo huo, changa bado haijaupata. Mashamba makubwa ya Florida huchuma nyanya zikiwa pevu na kuzitia ethilini ghalani, ndiyo maana nyanya ya dukani ni nyekundu na haina ladha. Nyumbani, boksi la karatasi na ndizi moja mbivu vinatosha. Kabaidi, ile wanayotumia baadhi ya wachuuzi wetu kuivisha maembe, isiguswe: mara nyingi huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi.

Kinachowashinda wengi ni joto. Kwenye nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi, nyanya pevu huiva kwa wiki mbili hivi. Kwenye nyuzi 13, kama katika besimenti nyingi za huko, inaweza kufika karibu mwezi, jambo zuri kwa anayetaka kula nyanya zake Novemba. Ikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 10 inaumia ndani kabla hujaona dalili. Baadaye huiva kwa mabaka, kisha huoza. Kwa hiyo friji si mahali pake.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini Buffalo inahitaji tahadhari kuliko miji ile miwili. Ziwa Erie hutunza joto la kiangazi na kuchelewesha sakitu mjini, basi mtu anatazama kalenda, anaona bado ana muda, anaziacha nyanya shambani. Lakini usiku wa Oktoba huko kwa kawaida huwa chini ya nyuzi 10. Sakitu haijaja, na tunda limeshaumia. Tena ziwa hilohilo lina vituko: tarehe 12 na 13 Oktoba 2006 lilimwaga theluji ya zaidi ya nusu mita, miti ikiwa bado na majani. Huko Orchard Park, karibu na Buffalo, shamba la Providence Farm Collective lilianzia kwa Wasomali Wabantu mwaka 2017. Kwa mkulima wa upande ule ningesema: chuma kwa kufuata kipimajoto cha usiku, usingoje tangazo la sakitu.

Louisville ina nafasi zaidi. Acha tunda mtini mpaka lianze kupata wekundu kidogo kitakoni, kwani sukari yake hutoka majanini. Columbus iko katikati.

Sasa changa. Hizo ni za jikoni moja kwa moja. Walaji wa nyanya chungu hawahitaji kushawishiwa, maana ile pia huliwa kabla haijaiva. Zikate vipande, zinyunyizie chumvi, zilale usiku kucha. Asubuhi kamua maji, tia siki, pilipili, kitunguu saumu na bizari, upate achari inayoshindana na ya embe. Au chovya kwenye yai, pakaza unga wa mahindi, kaanga kama watu wa Kentucky. Uchungu wake unatokana na tomatini, ambayo kwa kiasi cha mlo wa kawaida haina shida. Ila tunda lililotoka kwenye mche uliouawa na sakitu lisifungwe kwenye chupa za akiba, kwa sababu uchachu wake huenda umepungua kiasi cha kutozuia vijidudu.

Tukirudi kwa zile pevu za kuvundika, wengine hufunga kila nyanya kwenye gazeti. Mimi sizifungi. Nazipanga safu moja, zisigusane, nizione zote kwa kutupa jicho mara moja, kwa sababu yenye doa jeusi hainisubiri nifungue magazeti arobaini.