Kumtoa Kasuku Kwenye Alizeti

Bakuli la kasuku hudanganya. Jioni mwenye nyumba akichungulia tunduni hulikuta limejaa hadi ukingoni, akaridhika, akafunika tundu kwa khanga na kwenda zake kulala. Angelipuliza kidogo tu, maganda yangepeperuka na chini yake zisingebaki mbegu hata kumi. Kasuku hamezi alizeti nzima. Huigeuzageuza kwa ulimi, huipasua kwa ncha ya mdomo, hula kiini na kuliacha ganda lidondoke mle mle bakulini. Kwa namna hiyo ndege anaweza kushinda na njaa mbele ya chombo kinachoonekana kimejaa. Na hata siku anayoshiba, viini vile havimtoshi.

Kasuku anayezungumziwa hapa ni yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ndege wa misitu ya Kongo na Afrika Magharibi ambaye kwa upande wa mashariki hufika Uganda na, kwa idadi ndogo sana, msitu wa Kakamega nchini Kenya. Anasifika kwa kuiga sauti za watu, na sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini walio hatarini, zilikutana Johannesburg zikamwingiza kwenye Kiambatisho cha Kwanza, na biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini ikapigwa marufuku. Mwaka 2022 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitoa msamaha wa siku 90 ili waliokuwa wakimfuga bila kibali wajitokeze kusajiliwa. Wale ambao tayari wamo majumbani wataendelea kuwamo kwa muda mrefu, maana ndege huyu akitunzwa vizuri anaweza kupita miaka 40. Kwa hiyo suala la anachokula si dogo.

Tatizo la alizeti linaonekana kwenye tarakimu zake. Karibu nusu ya uzito wa kiini ni mafuta. Katika gramu 100 za viini kuna takriban miligramu 78 za kalisi na takriban miligramu 660 za fosforasi, ilhali ndege anahitaji kalisi iizidi fosforasi. Vitamini A ni kama haimo. Kasuku anayeishi kwa mbegu hizo hunenepa huku akidhoofika: ini hujaa mafuta, mishipa ya damu huziba taratibu, na utando laini wa kinywa, pua na njia ya hewa hukauka na kuwa mgumu. Daktari wa mifugo anayewajua ndege humfungua mdomo na kumulika tochi kwenye paa la kinywa. Pale kwenye mwanya unaoelekea puani kasuku mwenye afya ana vijichomozo vyembamba vilivyojipanga kama meno ya kitana. Kwa ndege aliyekosa vitamini A kwa muda mrefu, vijichomozo hivyo huwa butu au huwa vimetoweka kabisa, na vijidudu hupata njia ya kuingia mapafuni.

Kasuku wa kijivu ana udhaifu mwingine wa pekee. Kiwango cha kalisi katika damu yake hushuka kwa urahisi kuliko cha kasuku wengi wengine, na kikishuka mno hupatwa na degedege. Mwenyewe humwona akidondoka kutoka kwenye kijiti, mabawa yakimtetemeka, akadhani amerogwa au amepigwa na baridi.

Karanga, ambazo wengi humpa wakidhani ni nafuu, zina balaa lake: sumukuvu. Sumu hiyo ilitambuliwa baada ya mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Kenya inaikumbuka kwa uchungu zaidi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 waugue na kuwaua 125 kati yao, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui. Iwapo sumu hiyo inaua mtu mzima, ndege wa gramu 450 hana kinga. Karanga zilizosinyaa, zile zinazotengwa na kuuzwa kwa bei ya chini kwa kuwa "ni za ndege tu", ndizo za kuogopwa kwanza.

Mfugaji akishayajua haya hukata karoti, huiweka bakulini, na kasuku huinyanyua na kuitupa sakafuni. Kesho hivyo hivyo. Siku ya tatu mfugaji husema, "Huyu hapendi mboga," na kurudisha alizeti. Hapo ndipo kazi nyingi hufia, na hukumu hiyo si ya haki. Ndege hajakataa ladha, kwa sababu hajaonja. Alichokataa ni kitu asichokijua kuwa ni chakula.

Porini kasuku wa kijivu hula matunda ya mchikichi, mbegu, maua na magome, na hushuka kwa makundi kwenye nyanda zilizo wazi katikati ya msitu kutafuta maji na udongo wenye madini. Kinda hakuzaliwa na orodha hiyo kichwani. Hufuata wakubwa, hutazama wanachopasua, hujaribu. Aliyekulia tunduni naye amejifunza, ila mwalimu wake alikuwa mkono uliomwaga alizeti.

Ushahidi kwamba ndege huyu hujifunza kwa kuwatazama wengine haujafichika. Irene Pepperberg, mtafiti wa Marekani, alimnunua kasuku wa kijivu aliyemwita Alex mwaka 1977 kwenye duka la wanyama la Chicago, na kumfundisha majina ya vitu, rangi na maumbo hadi Alex alipokufa mwaka 2007. Mbinu yake aliitohoa kwa Mjerumani Dietmar Todt: watu wawili walikaa mbele ya ndege, mmoja akimwonyesha mwenzake kitu, mwenzake akikitaja na kupewa kitu chenyewe, huku kasuku akitazama na kuona wivu. Alex alitaka kile ambacho mtu mwingine alikuwa anakipata. Mfugaji wa kawaida hana maabara, lakini ana meza ya chakula na ana familia, na hivyo vinatosha.

Ila kabla ya meza kuna mizani. Hapa hakuna njia ya mkato. Kasuku anayeanza mlo mpya anaweza kuchezea mboga mchana kutwa asimeze chochote, na manyoya yakaficha kukonda kwake hadi siku ya hatari. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, iliyowekewa kijiti juu yake, humwokoa. Hupimwa kila asubuhi baada ya choo cha kwanza na kabla ya kula, na namba ikaandikwa. Gramu chache kupanda na kushuka ni kawaida. Kwa ndege wa gramu 450, kushuka hadi 405 ni kupoteza sehemu moja ya kumi ya mwili. Hapo mlo wa zamani hurudishwa na daktari huitwa. Hata kabla ya kuanza, ndege anayepiga chafya, aliyejikunyata au aliyepungua uzito apelekwe kwa daktari kwanza, maana mgonjwa habadilishiwi chakula.

Kinyesi nacho husema. Kina sehemu tatu: kigumu cha kijani au kahawia, cheupe, na maji. Kigumu kikiwa kidogo na cheusi au kijani kilichokoza, ndege hali. Maji yakiongezeka baada ya papai, au kinyesi kikiwa chekundu baada ya bitiruti, hakuna la kutisha.

Sasa asubuhi yenyewe. Kasuku huamka na njaa, na saa hiyo ya njaa ndiyo inayofaa kitu kipya, kabla alizeti haijaonekana. Bakuli la kwanza halipaswi kuwa la karoti iliyokatwa miduara. Karoti, boga na viazi lishe vya rangi ya chungwa hukatwakatwa hadi vipande vilingane na mbegu ya alizeti, kisha vikachanganywa na mbegu zenyewe zikiwa zimeloweshwa ili zinate na mboga. Kila anapookota mbegu, anaokota pia uchafu wa rangi ya chungwa mdomoni. Mwanzoni atautikisa utoke na ukuta wote utachafuka. Baada ya siku kadhaa atautikisa kidogo zaidi. Chakula hicho kiondolewe baada ya saa mbili hivi, kwani kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam huanza kuchacha mapema, na ndipo apewe kipimo chake cha mbegu kavu. Hakuna kumshindisha njaa.

Daraja zuri kuliko yote ni choroko zilizochipua. Kwa macho ya kasuku bado ni punje, hivyo haziogopi. Ndani zimeshaanza kuwa mboga. Huloweshwa usiku kucha, huchujwa, kisha huoshwa mara mbili au tatu kwa siku hadi kimkia cheupe kitokeze. Zikitoa harufu ya uchachu au zikiteleza kwa ute, zimwagwe zote. Mtama na alizeti yenyewe huchipuzwa vivyo hivyo, na kwa ndege mkaidi alizeti iliyochipua ndiyo hatua ya kwanza kabisa.

Kisha meza. Mtu ambaye kasuku anampenda, na kila kasuku ana wake, hukaa karibu na tundu na sahani ya sukuma wiki na boga, akala kwa raha, akamwonjesha mtoto, asimpe ndege. Ni kazi ya kurudia. Siku ndege anaponyoosha shingo kuomba, apewe kipande kidogo sana, na sahani iendelee kuwa ya watu.

Kuna mboga moja inayofanikiwa haraka ambayo wengi hawaifikirii: pilipili. Ukali wa pilipili huwasha mnyama anayenyonyesha kwa sababu ya kipokezi kilicho kwenye neva zake. Kipokezi cha ndege hakiitiki kwa ukali huo. Kasuku hutafuna pilipili mbuzi nzima bila kupepesa, akaanza na mbegu zilizomo ndani, na nyama yake nyekundu humpa malighafi ya vitamini A ambayo alizeti haikuwa nayo. Matone ya mawese mekundu juu ya mboga hufanya kazi hiyo hiyo, na kwa ndege huyu si kitu kigeni. Kwa kalisi, sukuma wiki ni bora kuliko mchicha, kwa sababu mchicha una asidi inayoizuia kalisi yake isifyonzwe vizuri.

Parachichi halina majadiliano. Lina sumu iitwayo pasini inayoweza kuusimamisha moyo wa ndege, na katika nchi ambako kila ua lina mti wake hilo ni la kuambia nyumba nzima, pamoja na wageni. Chokoleti, kahawa, pombe, kitunguu na vyakula vya chumvi pia visimfikie, wala kijiko cha chai ambacho watoto humpa kwa mapenzi.

Alizeti haifukuzwi kabisa. Wiki zinavyopita hupungua bakulini na kuhamia mkononi, ikawa malipo ya kupanda mizani au kuja alipoitwa, au ikafungwa ndani ya ganda la hindi aitafute. Mwaka 2003 watafiti Meehan, Millam na Mench wa Chuo Kikuu cha California huko Davis walichapisha utafiti juu ya kasuku wa Amazoni wa mabawa ya chungwa, wakaonyesha kwamba waliopewa kazi ya kutafuta chakula na vitu vya kupanda na kuchezea walipunguza kujinyonyoa manyoya. Mlo mpya unaomwagwa tu bakulini umempa ndege nusu ya alichokosa.

Kwa kasuku wa kijivu, kalisi ya mboga inahitaji jua. Daktari wa mifugo Michael Stanford wa Uingereza alichapisha mwaka 2006 matokeo yaliyoonyesha kwamba mwanga wa urujuanimno ulipandisha kalisi ya damu ya kasuku hawa, hata kwa wale waliokuwa wakila mbegu. Kioo cha dirisha huuzuia mwanga huo. Tundu litolewe nje asubuhi, sehemu moja ikiwa kivulini ili ndege achague, na mtu awe karibu kwa sababu ya mwewe na paka.

Mabadiliko haya huchukua wiki kwa ndege mmoja na miezi kwa mwingine, na mfugaji akitazama manyoya atakata tamaa bure. Unyoya uliokwisha kuota haubadiliki hadi unyonyoke wenyewe, hivyo kwa muda mrefu kifua kile kile kitakuwa na manyoya yaliyopauka ya enzi za alizeti na mengine mapya ya kijivu safi. Mizani ibaki pale pale, sasa mara moja kwa wiki, na mara moja kwa mwaka daktari ampime damu na kumulika tena paa la kinywa.