Kalenda ya Pamoja Hupimwa Tarehe Inapobadilika

Timu nyingi huchagua kalenda ya pamoja kwa sura: rangi, mpangilio wa wiki, urahisi wa kubofya. Katika wiki ya kwanza ya mradi karibu kila programu hupendeza, kwa kuwa tarehe bado ni mpya na kila mtu anazikumbuka. Tofauti hujitokeza baadaye, mfadhili anaposogeza siku ya kupokea ripoti, mtambo wa uchapaji unapoharibika, au mwandamo wa mwezi unapoisogeza Idi kwa siku moja. Hapo ndipo kalenda inapoonyesha thamani yake, na hapo ndipo inapopaswa kupimwa kabla ya kuchaguliwa.

Chukua mfano wa timu inayoandaa jarida. Wahariri wako Dar es Salaam, mchoraji yuko Lubumbashi, msanifu wa kurasa yuko Berlin. Kama ilivyo kwa timu nyingi, tarehe zao hutangazwa kwenye kundi la WhatsApp. Tangazo la kwanza linasema kikao ni Jumatano. Siku mbili baadaye linakuja la pili: ni Alhamisi. Kundi huyahifadhi yote mawili, kila moja mahali pake, na hakuna kinacholifuta lile la kwanza. Aliyelisoma la Jumatano na kulipitia la Alhamisi kwa haraka atafika siku isiyo yake. Kundi ni zuri kwa mazungumzo, lakini halina namna ya kujua kwamba matangazo hayo mawili yanahusu kikao kimoja.

Kalenda inajua, na ujuzi huo una misingi yake. Mwaka 1998 wahandisi wa viwango vya intaneti, chini ya IETF, walitoa kiwango kiitwacho iCalendar, kisha wakakifanyia marekebisho mwaka 2009. Kwa mujibu wa kiwango hicho, kila tukio hupewa utambulisho wake wa kipekee, pamoja na namba ya toleo inayopanda mwandaaji anapofanya badiliko kubwa, kama kusogeza muda. Kikao kikihamishwa, programu ya mwalikwa hupokea utambulisho uleule wenye namba kubwa zaidi, ikaelewa kwamba hili ni tukio la zamani lililobadilishwa. Linaondoka Jumatano, linakaa Alhamisi. Kwa hiyo sharti la kwanza la uchaguzi ni kwamba programu izungumze iCalendar kikamilifu: itume na kupokea mialiko, na iruhusu kalenda yote kutolewa kama faili la ics siku timu itakapotaka kuhama.

Hata hivyo, neno "kushirikiana" hufunika njia tatu zinazobeba mabadiliko kwa namna tofauti. Ya kwanza ni mwaliko kwa barua pepe, ambao hufika haraka na kumtaka mtu ajibu kama atahudhuria. Ya pili ni kujiunga na kalenda kwa kiungo. Hapa programu ya msomaji huenda yenyewe kuchukua nakala mpya kila baada ya muda, na muda huo unaweza kuwa saa kadhaa. Njia hii inafaa kwa ratiba ya sikukuu, wala haifai kwa kikao kilichosogezwa asubuhi ya leo. Ya tatu ni kalenda moja kwenye seva ambayo wote huisoma na kuiandika. Kiwango cha CalDAV cha mwaka 2007 kiliwekwa kwa kazi hii: kila tukio lina alama ya toleo lake, na programu iliyoundwa vizuri huituma alama hiyo inapohifadhi badiliko. Wahariri wawili wakilibadilisha tukio moja kwa wakati mmoja, seva humkatalia aliyeshika nakala ya zamani, na kazi ya mwenzake haifutwi kimyakimya. Mradi wenye waandishi wengi wa ratiba unahitaji njia hii ya tatu.

Baada ya hapo kuna suala la saa. Dar es Salaam iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC, na Lubumbashi saa mbili, mwaka mzima. Berlin hubadilika: Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba hurudishwa nyuma. Kikao cha kila wiki kikifungwa kwenye saa za Dar es Salaam, saa nne asubuhi, Berlin watakutana saa tatu asubuhi wakati wa kiangazi na saa mbili wakati wa baridi. Kikifungwa kwenye saa za Berlin, Dar es Salaam na Lubumbashi ndizo zitakazohama. Timu lazima iamue ni nani atabeba mabadiliko hayo, na programu inayofaa ni ile inayoonyesha wazi tukio limefungwa kwenye saa za mji gani. Zaidi ya hapo, kwa kuwa mazungumzo yetu husema saa nne na skrini huandika 10:00, ni vizuri mwenye kuingiza ratiba aandike saa zote mbili kwenye maelezo ya tukio.

Ruhusa nazo zinastahili uangalifu. Kalenda nzuri hutenganisha anayeona tu kwamba una shughuli, anayesoma maelezo, anayebadilisha matukio, na anayegawa ruhusa kwa wengine. Wabadilishaji wawe wachache na wajulikane. La muhimu zaidi ni umiliki: kalenda ya mradi isimilikiwe na akaunti binafsi ya mfanyakazi, kwa sababu akaunti hiyo ikifungwa ratiba nzima inaweza kwenda nayo. Ifunguliwe kwa akaunti ya ofisi.

Mpaka wa chombo hiki nao ujulikane. Kalenda husema lini. Haifuatilii kama kazi iliyotangulia imekamilika. Michoro ikichelewa, tarehe ya kupanga kurasa haitasogea yenyewe. Mradi wenye kazi nyingi zinazotegemeana unahitaji pia chati ya Gantt au ubao wa kazi, na kalenda ibaki na vikao, tarehe za mwisho na likizo.

Kwa vigezo hivi, hukumu yangu ni hii. Timu ndogo ambayo wengi wake wana simu za Android itafaidika zaidi na Google Calendar, kwa kuwa simu nyingi kati ya hizo tayari zina akaunti ya Google, na ratiba husomeka hata bando likiisha. Ofisi inayotumia Microsoft 365 ibaki na Outlook. Kuongeza kalenda ya pili ni kuongeza mahali pa kukosea. Taasisi yenye taarifa nyeti na fundi wa kompyuta wa kudumu ichague programu ya Nextcloud kwenye seva yake, ikijua kwamba iPhone huunganishwa na CalDAV moja kwa moja, ilhali Android huhitaji programu ya ziada kama DAVx⁵.

Kabla ya kuamua, timu ifanye majaribio matatu kwa simu na kompyuta zake yenyewe. Isogeze kikao na kuona nani amepata habari na kwa muda gani. Imwondoe mtu mmoja kwenye kalenda na kuhakikisha haoni tena ratiba. Itoe faili la ics na kulifungua kwenye programu nyingine. Programu inayoshindwa jaribio lolote kati ya haya iachwe, hata kama ni ya bure na sura yake inavutia, maana gharama yake italipwa na yule atakayesafiri kwenda kwenye kikao kilichokwisha kuhamishwa.