Anayehesabu Mikono

Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, kitengo cha wagonjwa wa nje kilikabidhiwa mabomba matano ya sindano kila asubuhi. Matano tu, kwa foleni nzima. Mgonjwa mmoja akishachomwa, sindano ilisuuzwa kwenye maji ya vuguvugu, kisha akaitwa anayefuata. Masista walioiendesha hospitali ile hawakuwa wazembe. Walikuwa na vitanda 120, hawakuwa na daktari, na watu waliamini kwamba tiba isiyo na sindano si tiba. Virusi vilivyokuja kuitwa Ebola, kwa jina la mto ulio kule, vilikuta njia imeshasafishwa. Watu 318 waliugua na 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali hiyo, 11 walifariki. Hospitali ilipofungwa, mlipuko ukaanza kufifia.

Wanaosimulia kisa hiki hupenda kuanzia msituni, kwa popo na nyani. Yuko mtu mwingine ambaye jicho lake huganda kwenye lile beseni la maji ya vuguvugu. Huyo ndiye mtaalamu wa kinga na udhibiti wa maambukizi, ambaye wodini wengi humwita kwa mkato tu, "mtu wa IPC". Mara nyingi ni muuguzi. Pengine ni daktari, ofisa afya au mtu wa maabara. Wakati wenzake wanamtazama mgonjwa, yeye anatazama kinachotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine: mkono, trei, mpira wa mkojo, shuka, kipimajoto.

Kazi haimwishii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa katika hospitali za matibabu ya kawaida, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja ambalo hawakuja nalo. Kati ya kila 10 wanaopata maambukizi hayo, mmoja hufa. Barani Afrika, hadi mama 20 kati ya 100 wanaojifungua kwa upasuaji hupata kidonda chenye maambukizi. Mama aliingia na mimba, akatoka na mtoto na usaha.

Anayeitafuta asili ya fani hii hupelekwa Vienna, kwa daktari Ignaz Semmelweis. Hospitali kuu ya mji ule ilikuwa na wodi mbili za uzazi: ya kwanza ilishikwa na madaktari na wanafunzi wao, ya pili na wakunga. Mwaka 1846 wodi ya kwanza ilipoteza zaidi ya mama 11 katika kila 100, ya pili chini ya 3. Wajawazito walilijua jambo hilo kabla ya maprofesa, na walisihi wasipelekwe ya kwanza. Mwaka 1847 rafiki yake Semmelweis, Jakob Kolletschka, alichomwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akafa kwa dalili zilezile za wale mama. Semmelweis akaunganisha mambo: madaktari walitoka mochwari wakaingia leba na mikono yao vilevile. Akaamuru kila mmoja anawe kwa maji ya klorini. Aprili mwaka huo walikuwa wamekufa mama 18 katika kila 100. Kufikia Juni walikuwa wawili.

Vitabu vingi humlilia kama shahidi wa sayansi, na ni haki yake. Lakini kwa kipimo cha ufundi huu, Semmelweis alishindwa. Takwimu alikuwa nazo. Watu hakuwa nao. Ni kweli kwamba nadharia ya vijidudu ilikuwa bado haijasimama, hivyo hata rafiki angehitaji subira kumwamini. Yeye alikawia miaka mingi kuandika kitabu, na alipoandika alifuatisha barua za kuwaita wakubwa wa fani yake wauaji. Mwaka 1865 alipelekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili na kufariki wiki mbili baadaye kwa kidonda kilichooza. Vienna ikarudia ilivyozoea.

Ndiyo maana tarehe inayostahili heshima zaidi huenda ni ya mwaka 1959, huko Torquay, Uingereza, ambako hapakuwa na shahidi yeyote. Hospitali za huko zilikuwa zikisumbuliwa na bakteria wa stafilokoka. Daktari wa maabara, Brendan Moore, aliona kwamba ripoti zake za mezani hazimwambii kinachotendeka wodini, akaomba apewe muuguzi wa kuzunguka, kuuliza, kuandika na kurudi tena kesho. Aliyepewa kazi hiyo ni sista E. M. Cottrell, anayetajwa kuwa muuguzi wa kwanza duniani kuajiriwa kwa ajili hiyo. Hakugundua kijidudu chochote. Alichokileta ni miguu ya kuzunguka na daftari la kuandikia.

Halafu kuna Geneva, na hapa ufundi unaonekana wazi kuliko mahali pengine. Katika miaka ya 1990 daktari Didier Pittet na wenzake walikaa wodini wakihesabu. Katika chumba cha wagonjwa mahututi, muuguzi mmoja alipaswa kusafisha mikono wastani wa mara 22 kwa saa. Kwenda kwenye sinki, kunawa, kukausha na kurudi kunachukua dakika moja au zaidi. Piga hesabu: muuguzi anayetii kanuni zote angetumia karibu nusu ya zamu akiwa sinkini, na wagonjwa wakimsubiri. Kwa hiyo waliokuwa wakiitwa wakaidi hawakuwa wakaidi. Sheria yenyewe ndiyo haikutekelezeka. Dawa haikuwa semina nyingine. Walisogeza chupa ya spiriti ya mikono mpaka ubavuni mwa kitanda, ambako kujisugua huchukua sekunde 20 hadi 30. Utii ulipanda kutoka asilimia 48 mwaka 1994 hadi 66 mwaka 1997, na wagonjwa wenye maambukizi ya hospitalini wakashuka kutoka asilimia 16.9 hadi 9.9.

Tangu hapo, mtu wa IPC hupimwa kwa swali moja: amewahubiria watu, au amewapunguzia njia?

Katika hospitali ya wilaya ya Afrika Mashariki swali hilo huja limevaa magwanda ya kazi. Bomba limekauka, basi kuna ndoo yenye koki na beseni chini yake. Jik, ile klorini ya dukani ya asilimia 3.5, ipo. Ili ipatikane klorini ya asilimia 0.5 kwa vifaa na sakafu iliyochafuka, sehemu moja ya Jik huchanganywa na sehemu sita za maji, na mchanganyiko huo hutengenezwa upya kila siku. Wengi hukisia kwa jicho. Wengine huimimina juu ya damu mbichi, bila kujua kwamba damu hula nguvu ya klorini. Kwanza futa, kisha mwaga. Mratibu mwerevu hatoi hotuba juu ya hayo. Anachora mstari kwa rangi ya kucha ndani ya ndoo: Jik ikomee hapa, maji yafike pale.

Au chukua utepe wa otoklevu. Kifurushi cha vifaa kinatoka kwenye mashine, mistari ya utepe imegeuka myeusi, na kila mtu thieta anapumua. Utepe ule unasema jambo moja tu, kwamba kifurushi kilipita kwenye joto. Kama mvuke ulifika katikati ya shuka zilizobanwa, kama nyuzijoto 121 zilidumu dakika zinazotakiwa, utepe haujui. Anayejua tofauti hiyo na bado akaweza kuieleza bila kumfedhehesha fundi wa mashine, huyo ameiva.

Maana hii ni kazi ya kusema na wakubwa. Muuguzi wa miaka 28 anaweza kujikuta akimwambia daktari bingwa, mbele ya wanafunzi wake, kwamba ametoka kitanda cha tatu kwenda cha nne na mikono ileile. Namna ya kusema ndiyo nusu ya kazi. "Shikamoo, dokta. Samahani, chupa hii hapa kabla hujamgusa mama." Chupa imeshanyooshwa, na bingwa akijibu "Marahaba" mikono yake inakuwa imeshapokea. Hesabu ya siku inaandikwa baadaye, kwa vyeo tu, bila majina.

Gharama ya mwanya mmoja inafahamika. Mwaka 2000, Ebola ilipozuka Gulu, Uganda, Dk. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor aliitambua kabla maabara haijathibitisha, akafungua wodi ya karantini na kuwafundisha wauguzi kuvaa na kuvua. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja aliitwa kwa muuguzi aliyekuwa akitapika damu, akaingia na gauni, barakoa na glavu, bila miwani ya kinga. Alifariki tarehe 5 Desemba. Mlipuko ule uliwapata watu 425 na kuua 224. Rwanda ilipotangaza mlipuko wa virusi vya Marburg Septemba 2024, wengi wa wagonjwa 66 walikuwa wahudumu wa afya, na kati ya wagonjwa wote 15 walipoteza maisha. Kagera, Tanzania, ilikopiga Marburg Machi 2023, nako wahudumu walikuwemo miongoni mwa walioambukizwa.

Kijana anayeifikiria kazi hii asitarajie njia moja iliyonyooka. Wengi huanzia uuguzi, wakapewa jukumu hili juu ya zamu zao, wakajifunza takwimu na mikrobiolojia wakiwa njiani. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba hospitali zenye mpango kamili, ukiwemo muuguzi mmoja wa kudhibiti maambukizi kwa kila vitanda 250, zilipunguza maambukizi kwa karibu theluthi. Leo wataalamu wanaona mmoja kwa vitanda 100 ndiyo sawa. Mratibu anayegawanywa kati ya leba, chanjo na kamati ya taka atafanya nusu ya kila kimoja, na hakuna haja ya kumlaumu.

Thika, Kenya, walionyesha jinsi kazi inavyosonga. Wagonjwa wa upasuaji walikuwa wakipewa antibiotiki kwa siku kadhaa baada ya kushonwa, ilhali dozi inayokinga ni ile inayotolewa kabla ya kisu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yanaeleza kwamba kabla ya sera mpya, pungufu ya asilimia 2 walipata dozi hiyo ya mapema. Wiki ya kwanza walikuwa asilimia 60, ya sita 98. Wagonjwa walifuatiliwa hata baada ya kwenda nyumbani, wakipigiwa simu kuulizwa hali ya kidonda, kwani vingi huharibika mtu akiwa ameshaaga wodi. Vidonda vya juu juu vilipungua. Vya ndani havikupungua, kwa hiyo mtu wa kazi hii hufungua daftari upya: nani bado anawanyoa wagonjwa kwa wembe, mlango wa thieta unafunguliwa mara ngapi katikati ya upasuaji, na otoklevu ilipimwa lini mara ya mwisho?