Padri Lemaître na mabaki ya mwanzo

Kitabu cha Padri Georges Lemaître, L'Hypothèse de l'atome primitif, kilichapwa Neuchâtel katika nchi ya Uswisi mwaka 1946. Ni kitabu cha zamani, na mwenye kukiandika alikufa tarehe 20 mwezi wa sita 1966. Kwa nini basi tunataka kukipima leo? Kwa sababu toka mwaka 2015 wenye elimu wamepata sikio jipya la kusikiliza ulimwengu, nalo ni mawimbi ya uvutano. Tena kwa sababu pengine tunasikia mhubiri akitangaza kwamba mawimbi hayo yamethibitisha sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo. Lemaître, aliye padri na mwenye elimu pamoja, aweza kutufundisha kusema kwa uangalifu.

Alizaliwa Charleroi mwaka 1894, akapewa upadri mwaka 1923, akafundisha katika Universite ya Louvain. Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu za Einstein kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka 1931 akaendelea mbele: kama leo vitu vinaachana, basi zamani vilikaribiana, na mwanzoni kabisa vyote vilikuwa kama atomu moja kubwa mno, iliyovunjika vipande vipande ginsi radiumu inavyovunjika. Mfano huo si mgeni kwetu watu wa Katanga. Radiumu ya Ubelgiji ya siku zile ilitoka katika mawe ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, na toka mwaka 1922 ilisafishwa katika kiwanda cha Olen.

Sifa ya kwanza ya kitabu ni hii: kinatafuta mabaki. Lemaître afananisha ulimwengu na fataki zilizokwisha kuwaka; sisi tunasimama juu ya jivu lililopoa, na kwa jivu hilo twataka kufahamu moto uliopita. Mtu wa Lubumbashi ataelewa upesi. Kile kilima cheusi kando ya bomba refu la kiwanda cha shaba ni mabaki ya tanuru. Asiyeuona moto wenyewe aweza kuchukua kipande, kukipima, na kusema: moto ulikuwa mkali kadiri hii, na jiwe lilikuwa la namna ile. Sifa ya pili: mwandishi hamwingizi Mungu katika hesabu ili kuziba pahali asipojua.

Lakini kitabu kina upungufu, nasi hatutauficha kwa kuwa mwandishi ni padri. Kwanza, alidhani kwamba miali ya kosmiki, inayoipiga dunia usiku na mchana, ndiyo mabaki ya atomu ile ya kwanza. Sivyo. Mabaki ya kweli yalitangazwa mwaka 1965 na Penzias na Wilson huko Marekani: nuru hafifu sana, iliyopoa, inayotoka pande zote za mbingu. Lemaître alipata habari hiyo akiwa mgonjwa, kabla ya kufa. Wazo lake la kutafuta mabaki lilikuwa sawa. Kipande alichokiokota hakikuwa chenyewe. Pili, mfano wa atomu wapoteza msomaji. Anawaza kitu kidogo kilichokaa katika giza tupu, kikapasuka kama baruti mgodini. Kumbe nafasi yenyewe ndiyo iliyotanuka, wala hapakuwa na nje ya kusimama na kutazama. Lemaître alijua hayo vizuri kuliko sisi, lakini mfano wake wawavuta wengi mahali pengine.

Sasa tuje kwenye sikio jipya. Nuru ile ya mwaka 1965 iliachwa huru ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka karibu 380,000; leo umri wake ni karibu miaka miliardi 13.8. Kabla ya wakati huo ulimwengu ulikuwa kama moshi mzito wa tanuru: nuru ilitawanywa kila upande, haikuweza kupita. Darubini yoyote ya nuru, hata iwe kubwa namna gani, itagota kwenye ukuta huo. Mawimbi ya uvutano, aliyoyatabiri Einstein mwaka 1916, ni mtetemo wa nafasi yenyewe. Yapita katika kila kitu karibu bila kuzuiwa. Kama yalizaliwa mwanzoni, yametufikia yakiwa na habari za upande wa pili wa ukuta.

Taabu ni kuyapima. Yale yanayopita katika kila kitu bila kuzuiwa yapita vilevile katika mashini zetu. Hapa Luano, ndege kubwa ikiruka, vioo vya madirisha vyatetemeka, na kila mtu asikia. Mashini mbili za LIGO huko Marekani zina mikono yenye urefu wa kilometa 4. Tarehe 14 mwezi wa tisa 2015 zilipima badiliko la urefu lililo dogo kuliko sehemu ya mia ya upana wa protoni moja. Mtetemo huo ulitoka kwa mashimo meusi mawili yaliyogongana miaka zaidi ya miliardi moja iliyopita. Mafratri wapendwa, mshike vema neno hili: hayo si mawimbi ya mwanzo. Ni mawimbi ya mashimo meusi, yaliyozaliwa muda mrefu baada ya mwanzo. Anayechanganya hayo mawili katika mahubiri anafundisha uongo bila kujua.

Je, mawimbi ya mwanzo yenyewe yamekwisha kuonekana? Tarehe 17 mwezi wa tatu 2014, wenye elimu wa BICEP2, waliofanya kazi kwenye Ncha ya Kusini, walitangaza kwamba wameona alama yake katika nuru ile ya kale. Magazeti yalipiga kelele dunia nzima. Mwaka uliofuata, hesabu zao zilipounganishwa na za chombo Planck, ilionekana kwamba alama ile yaweza kuelezwa na vumbi la kundi letu la nyota, ushahidi ukaanguka. Mwaka 2023 makundi mbalimbali, yakitumia nyota zinazopiga kama saa, yalionyesha dalili za uvumi mzito wa mawimbi unaojaza mbingu; wengi wadhani unatoka kwa mashimo meusi makubwa sana yanayozungukana, wala si mwanzoni. Kazi yaendelea. Ulaya inatengeneza LISA, vyombo vitatu vitakavyoachana kilometa milioni 2.5 angani, vinatazamiwa kurushwa mwaka 2035. Nayo mashini iliyopewa jina la Einstein itachimbiwa mita 200 mpaka 300 chini ya ardhi ili kukimbia mitetemo ya juu. Mchimbaji wa Kipushi, aliyezoea kushuka zaidi ya mita 1,000, hatashangaa.

Hapo twaona hatari. Tuseme katekista alihubiri mwezi ule wa tatu 2014: leo sayansi imeona mkono wa Mwumbaji. Mwaka uliofuata kijana wake, mwanafunzi wa Universite ya Lubumbashi, asoma kwamba lilikuwa vumbi. Atasema nini? Atasema: na imani yenyewe ni vumbi. Kosa si la wenye elimu. Wao walijipima na kujisahihisha, ndiyo kazi yao. Kosa ni la yule aliyejenga kanisa juu ya gazeti.

Mtu atauliza: Je, Papa Pius XII, katika hotuba yake ya mwezi wa kumi na moja 1951, hakuunganisha elimu hiyo na uumbaji? Ndiyo, alifanya hivyo, naye Lemaître hakufurahi. Mwaka uliofuata, Papa aliposema na wanajimu waliokusanyika Roma, hakurudia maneno hayo. Mwaka 1958, huko Brussels, Lemaître alieleza wazi kwamba wazo lake liko nje ya kila swali la dini. Wala hakuwa padri wa kwanza kufikiri hivyo. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba ulimwengu kuwa na mwanzo twashika kwa imani, hatuwezi kuthibitisha kwa akili. Tena alionya tusilete hoja dhaifu, wasioamini wakapata sababu ya kutucheka. Kuumba si kuwasha fataki ya kwanza tu. Ni kukipa kila kitu kuwapo, leo kama siku ile.

Basi shauri letu ni hili. Mafratri wanaosoma Kifaransa wakisome kitabu cha Lemaître, wakijua yaliyopungua ndani yake. Wakatekista waeleze mawimbi ya uvutano kwa furaha, kwa maana ni kazi nzuri ya akili ya binadamu. Bali waseme lililopimwa kuwa limepimwa, na linalotafutwa kuwa linatafutwa. Siku mawimbi ya mwanzo yatakaposikika, tutashangilia pamoja na wenye elimu. Yasiposikika, Kredo yetu haitapungua neno hata moja.