Kenchi za Mafinga, Paa la Mbeya

Mbao ya 2x4 inayouzwa Mafinga mara nyingi haitimii. Iwekee futi kamba utakuta inchi 1¾ kwa 3½. Mnunuzi wa kawaida huona tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwenye kenchi si ndogo hata kidogo. Uwezo wa mbao kukataa kupinda unategemea upana wake, na zaidi kimo chake kikizidishwa chenyewe mara tatu. Ukifanya hesabu hiyo, mbao hii imepoteza karibu asilimia 40 ya ugumu wa 2x4 kamili kabla haijapigwa msumari hata mmoja. Mchoraji alichora 2x4, mwenye nyumba akalipia 2x4, na paa likabebwa na kitu kingine.

Ndiyo maana kazi ya mkandarasi wa mapaa mwenye usajili naichambua kuanzia yadi ya mbao. Nyumba inaweza kuwa Uyole, Mbeya, au Iringa mjini. Uimara wa paa lake huamuliwa kwa sehemu kubwa pale Mafinga, wakati mbao zinachaguliwa.

Mafinga ina mbao kwa sababu ya Sao Hill, shamba la miti la serikali lenye zaidi ya hekta 135,000, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Misindano ya shamba hilo huachwa ikomae. Pembeni yake wapo wakulima binafsi, na wengi wao huuza miti ikiwa na miaka kumi hivi kwa sababu ada za shule na matibabu hazisubiri. Siwalaumu. Ila mti wa umri huo unapopita kwenye msumeno wa dingidongi, unatoa mbao changa tupu: pete pana, na mara nyingi kiini cha mti kimebaki katikati ya mbao. Mbao yenye kiini hujinyonga ikikauka. Mtazame mkandarasi anayejua kazi yake akiwa mbele ya rundo: hapitishi macho ubavuni, anainama kwenye vichwa vya mbao na kuhesabu pete. Zenye kiini anaziweka kando zikatumike kwenye ngazi za kazi na majukwaa. Zenye vifundo vikubwa ukingoni haziruhusu ziwe mbao ya chini ya kenchi, kwa sababu ile inavutwa pande zote mbili wakati wote, na kifundo ndipo inapokatikia.

Baada ya hapo ni ukavu. Msindano uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yenye uzito sawa na wa mbao yenyewe. Mbao ya inchi 4 inaweza kusinyaa karibu milimita 6 ikikauka kabisa. Ukiipiga misumari ikiwa mbichi, itakaukia juu ya paa, tundu litalegea, na msumari uliong'ang'ania siku ya kwanza utachomoka kirahisi mwaka unaofuata. Kwa hiyo mbao hupangwa kivulini, vijiti vikitenganisha kila safu hewa ipite, na kiangazi cha Juni hadi Oktoba ndicho msimu wake. Mwenye nyumba anayenunua Novemba na kutaka paa kabla ya Krismasi ananunua maji.

Halafu kuna dawa. Rangi ya kijani peke yake haithibitishi chochote, maana mbao inaweza kuchovywa kwenye pipa na ikatoka kijani. Dawa ya kweli husukumwa ndani kwa mtambo wa shinikizo. Kipimo ni kuchukua mbao moja, kuikata katikati ya urefu wake, mbali na vichwa, na kuangalia pale palipokatwa. Ikiwa kijani ni utepe mwembamba pembeni na ndani ni nyeupe, mchwa watafika. Kipimo hiki kinagharimu mbao moja, na nashangaa ni wangapi wanaoona gharama hiyo ni kubwa.

Kazi ya juu ya ukuta inakuja sasa, na hapo mafundi wetu wa mtaani wana mikono mizuri sana. Wanajua kupishanisha misumari ya inchi 4 isipasue mbao. Wanajua kuunga mbao ya chini kwa vipande viwili, kimoja kila upande, na kuhakikisha viungo vya kenchi zinazofuatana havikai kwenye mstari mmoja. Wanajua msumari wa bati unapigwa kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde lake ambako maji yanapita.

Kinachosahauliwa zaidi ni upepo. Watu hujenga paa kana kwamba adui ni uzito, wakati bati la geji 28 halifiki kilo 5 kwa mita ya mraba. Upepo wa kilomita 90 kwa saa, kwa mwinuko wa Mbeya, una nguvu ya zaidi ya kilo 30 kwa mita hiyo hiyo, na unapopanda juu ya paa unalinyonya kwenda juu, vikali zaidi kwenye kingo na kwenye kofia. Kwa hiyo kila kenchi inapaswa kufungwa kwenye linta ya juu kwa mkanda wa chuma au nondo iliyozamishwa kwenye zege tangu lilipomwagwa. Ukisubiri zege ligande ndipo ufikirie kufunga, umeshachelewa. Misumari miwili iliyopigwa kimshazari kwenye mbao ya juu ya ukuta haitoshi. Mvua za kwanza zikija na upepo, paa lililofungwa hivyo huondoka zima, kenchi na papi zake, bati zikiwa bado zimeshikana vizuri.

Usajili unaingia wapi? Sheria ya Usajili wa Makandarasi Na. 17 ya 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, na makandarasi wa majengo wana madaraja saba. Bodi huangalia wataalamu, vifaa na mtaji wa kampuni. Haipigi msumari. Faida yake kwenye paa, kwa maoni yangu, ni kwamba lawama zinapata mwenyewe. Desturi yetu ni mwenye nyumba kununua mbao na bati mwenyewe, kisha kupatana na fundi bei ya ufundi tu. Paa likibonyea, fundi anasema mbao zilikuwa mbaya, mwenye nyumba anasema fundi ameharibu, na wote wawili wana hoja. Mkandarasi aliyesaini mkataba wa vifaa na ufundi hana mlango huo. Umri wa mti, ukavu, dawa na vipimo vyote ni vyake. Kumwajiri mkandarasi mwenye usajili halafu ukanunua mbao mwenyewe ili kuokoa fedha ni kulipia usajili na kuutupa.

Mkataba nao usomwe kwa kalenda ya nyanda za juu. Kipindi cha uangalizi wa kasoro kikiwa miezi sita, na paa likakabidhiwa Mei, kinaisha Novemba. Paa limepita kiangazi kizima bila kuguswa na dhoruba, na mkandarasi anachukua fedha yake ya mwisho wakati mawingu ndiyo yanaanza kujikusanya. Andika miezi kumi na mbili, au taja wazi kwamba fedha iliyozuiliwa itatolewa baada ya mvua za Aprili. Kabla ya kuitoa, mtu apande darini na tochi aangalie mambo matatu: kama mikanda ya chuma bado imekaza, kama mbao za chini za kenchi zimenyooka ukizipigia uzi, na kama misumari ya kwenye viungo imeanza kutoka vichwa.